Mlangoni Kuna Mwiko

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sikio lako lile moja bado linafanya kazi ya mawili. Sisi huku tunasukuma siku. Mama bado yuko kwenye udobi wa hospitali, anapiga pasi mashuka mpaka mikono inanuka mvuke hata akiwa usingizini. Anakusalimu sana na anasema ununue simu kama watu wengine. Nimemwambia simu kwa asiyesikia ni kioo kwa kipofu, akanirushia kandambili. Kaka hajapata kazi tangu kiwanda cha chupa kifunge geti. Mimi niko kidato cha tatu na bado wananiita Bubu. Wewe peke yako unaniita Kimya, na nashukuru, maana ububu ni kilema lakini kimya mtu anaweza kukichagua.

Nakuandikia kwa sababu ya shule. Mwalimu wa historia ametaka kila mmoja wetu aeleze historia ya mji huu kwa kutazama majengo yake. Tuandike kwa lugha zote mbili za shule, kisha tusome mbele ya darasa. Hapo kwenye kusoma ndipo ninapokwama. Lakini kutazama naweza. Kutazama hakuhitaji mdomo.

Nilianzia kwenye kile kiwanda cha nguo kilichokufa. Madirisha yake yako juu kuliko kichwa cha mtu, ili mfumaji apate mwanga bila kuona nje. Nikapanda mtaa wa makarani. Kule madirisha yanashuka mpaka magotini, ili karani akae kivulini amwone kila anayepita. Kisha nikarudi kwetu, na ndipo nilipoona kitu ambacho nimekipita maisha yangu yote. Nyumba za upande wetu na za ng'ambo ya barabara ni za mama mmoja. Tofali ni zilezile, kila moja ina muhuri wa gurudumu wa kiwanda. Zilijengwa zikitazamana, mlango kwa mlango. Lakini leo hakuna hata moja yenye mlango barabarani. Yote imezibwa kwa tofali. Sisi tunaingilia uani, wao wanaingilia uani kwao, na barabara inapita katikati ikipewa kisogo na pande zote mbili.

Nilimuuliza Mama. Akasema, "Ni tangu zile vurugu," akaendelea kumenya viazi. Yeye alikuwa bado tumboni siku watu wa ng'ambo walipomuua babu. Lakini wewe ulikuwa kijana mkubwa, tena fundi mwashi kama yeye. Nani aliziba milango? Ilikuwaje?

Habari ya mwisho sijui kama niiandike. Kaka siku hizi anashinda kwa Mzee Rimu, yule fundi baiskeli wa pale kona yetu, utamkumbuka. Vijana wote wanashinda pale. Jana alirudi na damu kwenye shati, si yake. Kijana mmoja wa ng'ambo amepasuliwa sikio kwa mnyororo wa baiskeli. Kaka alikuwa anacheka, anamwiga Mzee Rimu sauti: "Kazi ndogo hii, hata jasho halitoki." Ndio msemo wa yule mzee, anausema hata akiziba pancha.

Shati nililifua mimi, Mama asilione. Nakiri kwako, Mjomba, maana wewe uko mbali na hutaniona usoni: nililifua kwa fahari. Si wao ndio waliomuua babu?

Mpwa wako,
Kimya

27 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta juu ya jukwaa la mbao nikipiga lipu, ikabidi nishuke kuisoma, na kushuka kwa magoti haya ni safari. Mimi ni mzima. Tunajenga ghala huku. Vijana niliopewa wanachanganya saruji kama wanaoga miguu. Baridi ya huku inakiuma kiganja changu cha kulia, kile chenye kovu la mbwa mnalolijua. Msalimu mama yako, mwambie simu nitanunua siku atakayokubali kuandika kwa mkono wake mwenyewe badala ya kukutuma wewe.

Umefanya vizuri kutazama. Nikupe kitu ambacho mwalimu wako hana. Ukuta una mbele na una nyuma, hata ukikaa miaka mia. Fundi akipanga tofali husimama upande mmoja. Upande aliosimama yeye, saruji inayofurika huikata kwa mwiko, kiungo kinabaki laini. Upande wa pili mkono haufiki, saruji inabaki imetokeza. Marehemu baba alikuwa akisema, "Ukuta humtolea ulimi asiyeujenga." Kwa hiyo ukikuta ukuta unakutolea ulimi, jua fundi alikuwa upande ule mwingine. Nenda na hilo darasani uwatishe.

Ya vurugu ni mafupi. Kiwanda kilifukuza watu wa upande wetu, kikaajiri wa ng'ambo kwa ujira wa chini. Wenye njaa hawakumpiga mwenye kiwanda, walipigana wenyewe. Watu wakaziba milango. Yakapita. Mtu akikaa mbali na nyumba yake miaka mingi husahau hata rangi ya dari.

Mlango wetu uache. Hakuna cha kutazama pale. Bibi yako, Mungu amrehemu, hadi anakata roho alikuwa akisema, "Mlangoni kuna mwiko." Mwiko wa mkubwa hauvunjwi.

Na mwambie kaka yako mnyororo uliumbwa kuzungusha gurudumu.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Mama mzima, ila amejiunguza mkono kwa pasi, anasema ni usingizi. Paka wa uani amezaa ndani ya karai lako la zamani. Kaka... nitafika kwake.

Nimefanya ulivyosema. Nimepita nyumba moja baada ya nyingine nikipapasa viungo. Ungeniona ungecheka. Yule mama muuza mkaa aliniita mbele ya watu, "We Bubu! Unauposa huo ukuta? Mahari tofali ngapi?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mwache, wamepatana, wote hawasemi." Nilitamani ardhi inimeze, lakini niliendelea, kwa sababu nilishaanza kuona.

Nyumba zote za upande wetu zinaitolea barabara ulimi. Yaani zilizibwa kwa ndani, na watu waliokuwa wamejifungia wakiogopa kutoka. Nilitazama za ng'ambo nikiwa kwenye ukingo wa barabara. Ni hivyohivyo. Pande zote mbili ziliogopa barabara ileile. Nikiwa nimesimama pale, yule fundi cherehani wa ng'ambo, mama mwenye tepu shingoni muda wote, alitokea pembeni ya nyumba yake. Nikaganda. Alinitazama, akasema, "Mjukuu wa fundi." Basi. Akarudi zake. Hakusema kwa ubaya.

Nyumba moja tu haitoi ulimi nje. Ni yetu.

Najua uliniambia niuache. Lakini Kaka alipotoka nililisukuma kabati lake, nikakwangua chokaa. Ukuta wetu unatoa ulimi ndani, Mjomba. Saruji imening'inia kama nta ya mshumaa. Aliyeuziba alikuwa amesimama barabarani. Nani anaziba mlango wake mwenyewe akiwa nje, siku watu wanapouana?

Na yale matundu madogo ya ukuta huo, pembeni ya kabati. Mimi na Kaka tulikuwa tukichomeka njiti za kiberiti humo tukiwa wadogo, tukidhani ni ya wadudu. Ni ya vidole. Mtu alivichomeka saruji ikiwa mbichi. Nimejaribu kidole changu cha mwisho, hakiingii. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba. Vidole vya nani?

Halafu ule mlango mfupi wa kuingilia chumba hicho cha Kaka kutoka kilichokuwa chumba cha bibi, ambao Mama husema unataka heshima kwa sababu kila mtu lazima ainame. Hauna fremu. Tofali zake hazikukatwa na fundi, zimetafunwa. Ule si mlango, Mjomba. Ule ni tundu. Kulikuwa na watu humo ndani, wakajitoa.

Sasa Kaka. Jumapili wa ng'ambo walijibu. Walimkamata mtoto wa muuza mkaa, wakampiga nondo ya kichwa. Yuko hai, lakini anamuuliza mama yake, "Wewe nani?" Muuza mkaa hatanii tena. Tangu siku hiyo Kaka analala na panga chini ya godoro, na nikimpelekea chai hunigeuzia mgongo mpaka nitoke.

Nijibu haraka, tafadhali.

Kimya

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa hujajibu, na kila siku namuuliza mtu wa posta hadi amezoea kunitikisia kichwa tangu mbali. Mama anakusalimu. Analia.

Jumamosi mchana wanakwenda kumchoma fundi cherehani. Mzee Rimu amewaambia vijana kwamba baba wa huyo mama, mfumaji aliyekwishafariki, ndiye aliyemshika babu mikono wakati wenzake wanapiga. Watafunga mlango wake wa uani kwa mnyororo akiwa ndani kwenye mashine, kisha petroli. Kaka ndiye wa kumwaga, kwa kuwa yeye ndiye mjukuu. Dumu liko chumbani mwake, mbele ya ule ukuta. Nyumba nzima inanuka.

Mama amempigia magoti. Kaka akamwambia, "Wewe hata hukumjua baba yako. Mimi ndiye ninayemlilia." Kituo cha askari kipo, lakini askari wa zamu huzibiwa pancha bure na Mzee Rimu. Nilienda nikasimama kaunta. Askari akaniambia, "Sema, binti." Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Alicheka, akaniambia nirudi nikikumbuka.

Kwa Kaka vilevile. Nikisimama mbele yake maneno yanajipanga vizuri kabisa kifuani, yakifika mdomoni yanazibwa. Na nitamwambia nini? Kwamba saruji imetokeza?

Lakini jana kuna jambo. Nilikuwa natafsiri kazi yangu ya historia kwenda kwenye ile lugha ya pili, nikafika kwenye maneno ya bibi, nikakwama kwenye neno moja. Kamusi ilinipa matatu: jambo lililokatazwa, kijiko kikubwa cha mti, na chombo cha fundi mwashi. Kule kila moja lina jina lake, huwezi kuyasema yote kwa pamoja, lazima uchague. Nikachagua lile la kwanza, kama tulivyozoea wote. Kisha nikasoma tena. Bibi hakusema mlango ni mwiko. Alisema mlangoni KUNA mwiko.

Alikuwa mke wa mwashi, Mjomba. Huenda hakuwa akitukataza. Huenda alikuwa akituelekeza.

Jumamosi hiyohiyo asubuhi, Mama akiwa kazini, nitang'oa kizingiti cha ule mlango uliozibwa.

Kimya

12 Mei

Kimya,

Salamu kwanza, maana bila salamu mkono huu hautasogea. Mimi ni mzima. Ghala limefika kwenye paa. Barua yako ya Machi imelala chini ya mto wangu hadi imechakaa kwenye mikunjo. Kila nikitaka kujibu nilikuwa nakwenda kuchanganya saruji ambayo haikuhitajika.

Unasoma ukuta kama baba. Sikukusudia kukufundisha huo.

Humo ndani tulikuwa wanne: mimi, mfumaji mmoja wa ng'ambo aliyekuwa rafiki wa baba, mkewe, na mtoto wao wa kike wa miaka mitano. Wakati ule kile kilikuwa chumba cha vyombo vya baba, na mlango wake ulikuwa mmoja tu, wa barabarani. Asubuhi ile wafumaji wawili wa ng'ambo walikuwa wameburutwa kutoka milangoni mwao na kuchomwa kwenye lami, tukiona. Mfumaji alivuka na familia yake akaingia kwetu, kwa sababu hakuna ambaye angemtafuta upande huu. Baba alinisukuma ndani nao. "Wewe una mdomo, utanitaja ukipigwa," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Akaanza kuziba akiwa nje. Watu wote walikuwa wanaziba, fundi kuziba mlango halikuwa jambo la kutazamwa. Tundu lilipobaki la tofali moja aliupitisha mwiko wake ndani. "Kukiwa kimya, chimba nyuma, utokee kwa mama yako." Tofali la mwisho alilikandika kwa kiganja. Mtoto alivichomeka vidole vyake kwenye saruji, akitafuta mwanga ulikokwenda.

Kisha wakaja. Watu wa upande wetu, Kimya. Wetu. Nilizijua sauti. Mmoja alikuwa na jicho la kusoma ukuta kama lako. Alimwuliza, "Fundi, watu wote wanaziba wakiwa ndani. Wewe mbona uko nje?"

Baba akacheka. "Nimezoea kujenga upande wa barabara. Ndiko mshahara unakotoka."

Wakamwambia avunje. Akasema saruji yake haivunjwi ikiwa mbichi, ni aibu kwa fundi. Yule mmoja akasema taratibu, kama mtu anayefungua nati, "Kazi ndogo hii, hata jasho halitoki." Baada ya hapo nikasikia chuma. Nikasikia chuma mara nyingi. Baba hakuita jina langu. Angeniita, ningejibu, na hilo alilijua. Mtoto akataka kupiga kelele, nikamziba mdomo kwa kiganja, akaning'ata mpaka mfupa. Huyo ndiye mbwa.

Kisha king'ora cha kiwanda kikalia, malori ya askari yakaingia, wakakimbia. Nilichimba mchana kutwa. Ule mwiko niliuzika mwenyewe chini ya kizingiti, bibi yako akishika taa.

Jina la aliyepiga silitaji. Ndiye aliyebeba jeneza mbele. Ndiye aliyemletea bibi yako habari kwamba ni watu wa ng'ambo, na bibi yako, akiwa na mama yako tumboni, alimwambia asante. Angesema jingine, nyumba ingewaka nasi tukiwa ndani. Uongo ule ulikuwa paa letu. Mimi niliondoka kwa sababu kila asubuhi alinisalimu.

Barua hii usimwonyeshe kaka yako. Au mwonyeshe. Sijui tena.

Mjomba wako

24 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu, mambo yakiwa yameshakuwa Jumamosi. Taya langu limefungwa waya, nanywa kwa mrija, na daktari amenikataza kusema kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo sasa ni bubu kwa cheti. Mama ni mzima. Paka amehamisha watoto wake.

Niliuona mwiko ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha kiwanda, mpini umezungushiwa waya. Kaka aliingia kuchukua dumu, akanikuta nimepiga magoti kizingitini. Nilimnyooshea ule mwiko. Akaniambia, "Toka njiani, Bubu," akabeba dumu, akainama kwenye tundu akatoka.

Basi nikakimbia. Nilipita uani kwa muuza mkaa, nikavuka barabara mchana kweupe, nikaingia uani kwa fundi cherehani bila hodi. Alikuwa anashona sketi ya shule. Niliuweka mwiko juu ya kitambaa, chini ya sindano. Mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Aliuingiza kwenye tundu la mwisho," alisema. "Kijana wake akaupokea. Nilikuwa nimeshika shati lake."

Sikujua bado ni nini anachosema, ila nilijua vidole ni vya nani. Nje tulisikia mnyororo. Nikamvuta kuelekea dirishani. Akaukataa mkono wangu. "Mimi nimeshafungiwa ndani mara moja. Sirudii." Akaupiga mlango teke kabla hawajafunga kufuli, ukafunguka.

Kaka alikuwa mbele na dumu. Vijana walikuwa nyuma yake wengi, na Mzee Rimu amesimama akiegemea baiskeli, anasimamia kama mtu anayepakia mizigo. Akauona mwiko mkononi mwa yule mama. Uso wake ulififia kidogo, kisha akarudi kuwa yeye. "Mwageni, wanangu. Mnangoja nini? Kazi ndogo hii, hata jasho halitoki."

Fundi cherehani akasimama kama aliyechomwa sindano.

"Sema tena."

"Nini?"

"Hayo. Ulimwambia fundi hivyohivyo, sauti hiyohiyo. Naye alikuwa ameshakujibu kwamba ndiko mshahara unakotoka. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nina miaka mitano."

"Huyu mwanamke ana wazimu," akasema Mzee Rimu, na huku anasema mkono ukaenda kwenye mnyororo.

Hapo nikasema. Sijui ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka nikajiogopa: "Kaka, matundu ya njiti! Vile ni vidole vyake!" Niliona ameelewa. Amelala miaka yote akiyatazama yale matundu. Nilikuwa nimeruka katikati bila kujua, mnyororo wa Mzee Rimu ukanipata mimi. Sikusikia maumivu, nilisikia mlio, kama sahani.

Kaka akaliacha dumu. Aliunyakua mwiko akamwendea Mzee Rimu. Alimpiga begani, akampiga sikioni, yule mzee akaanguka juu ya baiskeli yake na spoku zikamwingia, Kaka akawa juu yake anapiga, bila tusi, bila neno, anapiga kama anayepasua tofali. Hakuna aliyemzuia. Vijana walewale waliokuja kuchoma mtu walisimama wametazama. Nilimkumbatia mguu, mdomo wangu umejaa damu na meno. Nakiri tena: kuna sehemu yangu iliyokuwa inahesabu mapigo na kutaka zaidi.

Fundi cherehani ndiye aliyemkamata mkono. Akamwambia karibu na sikio, "Huo ulitutoa ndani watu wanne. Usiufundishe kazi nyingine."

Kaka akauachia.

Ningependa iishie hapo. Lakini petroli ilikuwa imemwagika, na mmoja wa vijana, hadi leo hasemwi ni nani, aliwasha. Nyumba ya fundi cherehani imeungua mpaka kwenye tofali. Kaka aliingia akaitoa mashine, mikono yake imeshikana ngozi. Yuko rumande na bandeji. Mzee Rimu yuko hospitali, amepoteza sikio na jicho, anapumua. Mama ndiye anayepiga pasi mashuka anayolalia. Anasema amewaza mambo mengi akiwa na ile pasi mkononi, na kila siku amekunja shuka akaondoka. Nilimpa barua yako asome. Hakulia. Aliuliza tu kama babu alijua kwamba mtoto atakuwa wa kike.

Fundi cherehani analala kwetu, chumbani mwa Kaka, maana hana pengine. Analala taa ikiwaka. Ng'ambo wanasema amewasaliti kwa kuja kwetu, na hapa kwetu usiku wa kwanza walirusha mawe batini. Muuza mkaa alitoka akawatukana mpaka wakakoma.

Kazi ya historia nimeimaliza. Kwenye ile lugha ya pili neno mwiko nimeliacha kama lilivyo. Mama anataka kuuvunja ule ukuta kesho kwa nyundo ya jirani. Fundi cherehani amesema hapana, huo ni wa fundi mwashi kuuvunja.

Kimya

2 Juni

Kimya wangu,

Marahaba, na pole ya taya, na pole ya kuona. Mwambie mama yako babu hakujua, ila alikuwa amechagua jina la kike tu. Wa kiume alisema anatosha mmoja, na tena mvivu.

Ghala wamemalizia wengine. Nimekata tiketi, nafika Jumamosi. Nitapita kwanza rumande nimwone kaka yako, nimwonyeshe kiganja.

Ukuta msiuguse. Sitauvunjia ndani. Nitasimama barabarani, pale pale alipokuwa amesimama baba, mchana, kila mtu anaona, na nitaanzia tofali lile la mwisho. Mwiko niwekee dirishani. Wewe kaa ndani uniambie ukiona mwanga. Kama taya bado, gonga.

Na yule mama, kama atapenda, akae na wewe. Akitaka kulia, alie. Akitaka kupiga kelele mpaka ng'ambo wasikie, apige. Safari hii mikono yangu yote miwili itakuwa nje.

Mjomba wako